Meinfremu Hazijafa: Somo Kuhusu Kupangisha Vichwa vya Klasta

Ukimtajia mwanafunzi wa TEHAMA neno meinfremu, uwezekano mkubwa atacheka. Kwa wengi wetu ni ile picha ya slaidi ya kwanza ya somo la historia ya kompyuta: chumba kizima, mitambo mirefu kama makabati, watu wamevaa tai. Slaidi inayofuata ni kompyuta ya mezani, na meinfremu haisikiki tena mpaka mtihani ukutake utaje vizazi vya kompyuta. Sasa hivi karibuni, wakati nasoma nyaraka za Red Hat kuhusu klasta za kontena, nikakuta sura nzima inaeleza namna ya kuziweka kwenye mashine za IBM Z. Yaani meinfremu. Teknolojia ambayo sisi tunaiona ya kisasa kuliko zote imekwenda kupanga chumba kwenye nyumba ya babu. Nimeisoma sura hiyo mara kadhaa, na naona kuna jambo ndani yake linalotuhusu sisi tulioko Dodoma kuliko tunavyodhani. Wenzangu wa kozi nyingine msikimbie, nitaeleza kuanzia chini.

Kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na kila inachokihitaji ili iweze kuendeshwa popote bila kulalamika kwamba "kwenye laptopu yangu ilikuwa inafanya kazi". Ukiwa na kontena moja au mbili unaziangalia mwenyewe. Ukiwa na mia tano, zilizosambaa kwenye mashine ishirini, unahitaji msimamizi asiyelala. Msimamizi anayetumika zaidi duniani ni Kubernetes, programu iliyotolewa na Google mwaka 2014. OpenShift ya Red Hat ni Kubernetes hiyo hiyo, imeongezewa vitu vingi juu yake. Mashine hizo zikiunganishwa chini ya msimamizi mmoja ndiyo klasta, na kila mashine ndani yake huitwa nodi.

Klasta ina sehemu mbili. Ya kwanza nitaiita kichwa, ya pili mikono. Mikono ni nodi zinazoendesha programu za watu: tovuti, mfumo wa malipo, chochote. Kichwa ndicho kinachoamua kontena ipi ikae nodi ipi, ipi imekufa ifufuliwe, nani anaruhusiwa kuingia. Ndani ya kichwa kuna mlango mmoja ambao maombi yote hupitia, kuna mpanga kazi, kuna wasimamizi wadogo wadogo wanaolinganisha hali iliyopo na hali inayotakiwa, na kuna daftari. Daftari hilo linaitwa etcd, na ndilo roho ya klasta. Kila kitu ambacho klasta inajua kuhusu yenyewe kimeandikwa humo. Likipotea na huna nakala, klasta imepoteza fahamu.

Kwa sababu hiyo daftari haliandikwi na karani mmoja. Huwa makarani watatu, na jambo halihesabiwi kuwa limeandikwa mpaka wawili kati yao wakubaliane. Karani mmoja akianguka, wawili waliobaki wanaendelea. Wakianguka wawili, yule wa tatu hawezi kuandika kitu peke yake, hata kama ni mzima wa afya. Ndiyo maana klasta ya kawaida ya OpenShift ina nodi tatu kwa ajili ya kichwa tu, na kila moja inataka angalau prosesa pepe 4 na kumbukumbu ya gigabaiti 16.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma.

Mimi nimepanga geto Ipagala, kwa hiyo niruhusuni mfano wa mtaani. Chukulia mtaa una nyumba kumi mpya, na kila mwenye nyumba ameamua kuajiri walinzi watatu wa usiku, na kila mlinzi anajengewa kibanda chake getini. Nyumba nyingine ndani yake kuna watu wawili tu. Walinzi watatu wanawalinda watu wawili! Mtaa mzima una vibanda thelathini, na hujahesabu bado hata mtu mmoja aliyelala ndani. Klasta ndiyo hivyo hivyo. Taasisi yenye klasta kumi (na kumi si nyingi: moja ya majaribio, moja ya mafunzo, moja ya huduma halisi, halafu kila idara inataka ya kwake) inatumia nodi 30 kwa vichwa peke yake. Ni prosesa pepe 120 na gigabaiti 480 za kumbukumbu kabla programu ya mteja hata mmoja haijawashwa.

Wazo la kupangisha vichwa, ambalo kwa upande wa OpenShift lilitokana na mradi unaoitwa HyperShift, ni kusema hivi: kichwa nacho ni programu tu. Mlango, mpanga kazi, daftari, vyote ni programu. Na kama Kubernetes kazi yake ni kuendesha programu ndani ya kontena, kwa nini isiendeshe vichwa vya klasta nyingine? Basi unajenga klasta moja imara, tuiite mwenyeji. Ndani yake kila klasta mpangaji inapewa chumba, na kichwa chake kinaendeshwa humo kama kundi la kontena. Mikono ya mpangaji inabaki nje, kwenye mashine zake. Mtaa wetu sasa una kituo kimoja cha ulinzi chenye vyumba kumi.

Tusichanganye lakini. Walinzi wa nyumba ya kwanza hawageuki kuwa walinzi wa nyumba ya pili. Kila mpangaji ana mlango wake na daftari lake, na daftari bado lina makarani watatu kama mmetaka uimara kamili. Kilichobadilika ni kwamba makarani hao wamekaa kwenye chumba, hawana tena kila mmoja mashine nzima. Makadirio ya Red Hat ni kwamba kichwa kimoja cha kupanga, kikiwa katika hali ya uimara, huomba prosesa pepe kama 5 na kumbukumbu ya gigabaiti 18 hivi. Linganisha na 12 na 48 za mwanzo. Kwa klasta kumi unatoka 120 kwenda 50, na kutoka 480 kwenda 180, ukiongeza gharama ya mwenyeji mwenyewe. Faida nyingine ni muda: kuanzisha kontena kadhaa ni haraka kuliko kusimika mashine tatu, na kuboresha toleo la kichwa kunaweza kufanyika peke yake, mikono ikafuata baadaye.

Hiyo faida ipo hata kwenye seva za kawaida. Kwa nini basi meinfremu?

Lazima kwanza tuiondoe ile picha ya slaidi. IBM ilitangaza System/360 tarehe 7 Aprili 1964, na ukoo huo haujakatika hadi leo. z16, iliyotoka 2022, inaweza kuwa na prosesa hadi 200 za kutumiwa na mteja, kumbukumbu hadi terabaiti 40, na inaweza kukatwa vipande hadi 85 vinavyoitwa LPAR. Kila LPAR inajiona ni kompyuta kamili, na ukuta kati yake na jirani umejengwa ndani ya mashine yenyewe, si programu iliyoongezwa baadaye. Ndani ya LPAR unaweza kuweka z/VM au KVM, halafu juu yake mashine pepe nyingi za Linux. Ndiyo, Linux. Imekuwa ikiendeshwa kwenye mashine hizi tangu karibu mwaka 2000, wakati IBM ilipoanza kuuza prosesa iliyofungiwa kazi ya Linux pekee, inayoitwa IFL.

Herufi hizo tatu, IFL, ndizo zinazoleta mantiki yote. Kwenye seva za kawaida prosesa ni kama mchicha, ukipungukiwa unaongeza fungu. Kwenye meinfremu prosesa inahesabiwa moja moja. IFL unailipia ili iwashwe, halafu leseni nyingi za programu zinazokaa juu yake nazo zinatozwa kwa idadi ya IFL. IFL moja inaweza kuonekana kama prosesa pepe mbili. Kwa hiyo zile prosesa pepe 120 za vichwa kumi, ukizihesabu bila kugawana, ni IFL 60. Ni karibu theluthi ya z16 iliyojaa kabisa, na zote zinafanya kazi ya kusimamia tu. Nikiri kwamba z/VM ni hodari sana wa kugawanya prosesa moja kwa mashine pepe nyingi, kwa hiyo hali halisi haitakuwa mbaya kiasi hicho. Lakini hata ukigawa mara tatu, bado unalipia walinzi kuliko wakazi.

Na kwa nini mtu aweke klasta kwenye mashine ghali hivyo? Kwa sababu taarifa zake ziko hapo. Benki kubwa duniani na mashirika ya bima yana daftari lao kuu la miamala kwenye meinfremu, na hawalihamishi kwa sababu linafanya kazi. Ukiweka programu mpya za simu kwenye LPAR ya jirani, zinaongea na daftari hilo kupitia HiperSockets, mtandao unaopita ndani ya kumbukumbu ya mashine bila waya wowote wa nje. Hakuna kebo ya kung'olewa na fundi aliyekuja kurekebisha kiyoyozi.

Sasa tuone kazi yenyewe inavyofanyika. Njia ambayo nyaraka za Red Hat zimeieleza kwa kirefu ni ya mchanganyiko: mwenyeji anakaa kwenye seva za kawaida za x86, vichwa vinakaa humo, na mikono tu ndiyo inakaa IBM Z. Njia nyingine ni kuweka vyote ndani ya Z, kichwa na mikono. Kabla ya kuchagua hiyo ya pili, kagua kama toleo lako linaikubali.

Kwenye klasta mwenyeji unasimika programu iitwayo multicluster engine, ambayo ndiyo mwenye nyumba anayejua kupokea wapangaji. Unatayarisha diski za haraka kwa ajili ya madaftari. Hapa usibane matumizi: etcd haihesabu kitu kuwa kimeandikwa mpaka diski ithibitishe, kwa hiyo diski ikiwa nzito klasta nzima inakuwa nzito, na utaanza kumlaumu mtu wa mtandao bure. Unaandaa majina ya DNS: jina la mlango wa mpangaji lielekee kwa mwenyeji, jina la programu zake lielekee kwenye mikono. Halafu unaandika maelezo ya klasta mpangaji, ukitaja faili za usakinishaji zenye usanifu zaidi ya mmoja, kwa sababu kichwa ni x86 na mikono ni s390x, ambalo ndilo jina la usanifu wa Z. Ukisahau hilo, kichwa kitaamka vizuri kabisa na mikono haitaamka kamwe. Idadi ya mikono kwa kuanzia unaiweka sifuri.

Kisha mashine za Z zinaletwa moja moja. Mwenyeji anakutengenezea vitu vitatu: kiini cha Linux, mfumo mdogo wa kuanzia na mfumo mkuu wa faili. Kwenye KVM kazi ni nyepesi, amri moja tu. Kwenye LPAR tupu unapitia kompyuta ya usimamizi ya meinfremu. Kwenye z/VM ndipo nilipofurahi. Kiini, mfumo wa kuanzia na faili la vigezo "vinatobolewa" kwenda kwenye kisomaji pepe cha kadi, halafu mashine inaamka kwa kusoma kisomaji hicho. Kadi za kutoboa! Hakuna kadi, hakuna tundu, ila amri bado inasema toboa, na kontena za mwaka huu zinaingia kwa mlango ule ule walioutumia wazee. Mfumo mkuu wa faili hautobolewi, ni mkubwa mno. Anwani yake inaandikwa kwenye vigezo na mashine inaupakua yenyewe.

Mashine ikiamka inajitambulisha kwa mwenyeji kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Unaikagua, unaiidhinisha, unapandisha idadi ya mikono kutoka sifuri hadi mbili au tatu, nayo inapokea maelekezo na kujiunga. Mwisho unaweka kigawa mzigo mbele ya mikono ili wateja wafike kwenye programu.

Jambo moja la mtandao wengi hulipita haraka. Kichwa na mikono sasa viko mbali, pengine na ukuta wa usalama katikati. Kichwa mara nyingine kinahitaji kuingia kwenye mikono, kwa mfano kusoma kumbukumbu za kontena. Suluhisho ni kifaa kiitwacho Konnectivity: mikono ndiyo inayopiga simu kwenda kwa kichwa na kuiacha wazi, na kichwa kinatumia laini hiyo hiyo kurudi. Kwa hiyo kwenye ukuta wa usalama unafungua njia ya kutoka kwenye mikono tu. Kwa taasisi ambayo mtu wa usalama hataki kusikia neno "fungua", hili ni jambo kubwa.

Mtego mwingine uko kwenye kontena zenyewe. Kontena iliyotengenezwa kwenye laptopu yako ya Intel haitaendeshwa s390x. Itakufa papo hapo na ujumbe "exec format error". Lazima itengenezwe upya kwa usanifu huo. Na hata ikitengenezwa, s390x huandika namba kuanzia baiti kubwa, kinyume cha Intel. Programu inayosoma faili za baiti moja kwa moja bila kujali mpangilio itakupa majibu ya ajabu bila kutoa kosa lolote. Hilo la pili naliogopa zaidi, kwa sababu kosa linalopiga kelele ni rafiki yako.

Nimesema faida nyingi, sasa niseme kinachonisumbua. Ukikusanya vichwa kumi kwenye kituo kimoja, umekusanya pia hatari kumi. Mwenyeji akianguka, vichwa vyote vinazima. Programu zilizokwisha kuwashwa kwenye mikono zitaendelea kuhudumia watu, hata kontena ikifa nodi yake itaifufua yenyewe. Lakini nodi nzima ikifa, hakuna wa kuhamisha mzigo wake. Hakuna anayeweza kuongeza uwezo, kubadilisha toleo wala kuona hali. Taasisi kumi zinaendesha gari usukani ukiwa umekufa ganzi, na kama barabara imenyooka hawatajua mpaka kona.

La pili ni funguo. Mwenye nyumba huwa ana ufunguo wa akiba. Msimamizi wa klasta mwenyeji anaweza kufika kwenye madaftari ya wapangaji wote, na ndani ya madaftari kuna nywila na vyeti vyao. Unaweza kuwasha usimbaji, na uwashe, lakini kama ufunguo wa usimbaji nao unakaa kwa mwenyeji, umefunga mlango na ufunguo ukauacha kwa yule yule. Kwa klasta za idara moja hili si tatizo. Kwa taasisi tofauti zinazopanga kwa mwenyeji mmoja ni swali la mkataba na sheria kabla halijawa la kompyuta, na wenzetu wanaosoma sheria wangetusaidia sana hapa.

Ndipo nakumbuka Hazina. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu, ICT 1500, ilisimikwa Wizara ya Fedha Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa asili ilikuwa mashine ya Marekani, RCA 301, iliyobandikwa jina la kampuni ya Uingereza. Baadaye kazi ya hesabu za serikali ikahamishiwa kwenye mashine kubwa zaidi za ukoo wa ICL 1900. Uhamisho huo ulikwama, hesabu zikavurugika, ikabidi kurudi kwenye njia ya zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, katazo lililokuja kuondolewa rasmi miaka ya 1990. Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuilaumu marufuku, au mashine. Mimi naona chanzo kiko mapema zaidi. Waliokuwa wanaelewa kichwa cha mfumo ule walikuwa kwa sehemu kubwa wataalamu wa kigeni. Mambo yalipoharibika, nchi haikuwa na watu wa kutosha wa kufungua kichwa na kuangalia ndani. Mikono tulikuwa nayo: makarani, watobozi wa kadi, wahasibu.

Leo serikali imehamia Dodoma, na mwelekeo wa TEHAMA ya umma ni kukusanya: mifumo inaunganishwa, malipo ya umma yanapita kwenye mfumo mmoja wa namba za malipo tangu 2017, na sisi wenyewe tunalipa ada kupitia hapo. Sisemi mifumo hiyo iko kwenye meinfremu. Nasema mantiki ya kukusanya vichwa ni ile ile iwe ni z16 au seva za kawaida, na kila unapokusanya, idadi ya watu wanaohitajika kuelewa kichwa inapungua, ila kiwango cha uelewa wao kinapanda. Ukiwa na klasta kumi zilizojitegemea unaweza kuvumilia wasimamizi kumi wa wastani. Ukiwa na mwenyeji mmoja unahitaji wawili au watatu wanaojua kurudisha daftari usiku wa manane umeme ukiwa umekatika, na wawe wanapatikana Dodoma, si kwa simu ya nje ya nchi yenye tofauti ya saa saba.

Kwa sababu hiyo, kama ningeulizwa na taasisi ya hapa kwetu yenye meinfremu, ningeshauri waanze na njia ya mchanganyiko. Vichwa vikae kwenye seva za x86, ambazo vijana wengi tunazijua, na IFL ziachwe zifanye kazi iliyozinunua. Ni kweli unakuwa na aina mbili za mashine za kutunza na mtandao katikati yake. Wenye IFL za ziada zilizolala wana sababu nzuri ya kuweka vyote ndani ya Z na kufaidi HiperSockets. Lakini ikiharibika saa nane usiku, nataka kichwa kiwe mahali ambapo watu wengi zaidi wanajua kukifungua.

Mtauliza, tutajifunzaje na hatuna hata picha ya meinfremu chuoni? IBM ina jukwaa la mafunzo la bure liitwalo IBM Z Xplore. Pia kuna LinuxONE Community Cloud, iliyoko chuo cha Marist huko New York, ambapo unajisajili na kupewa mashine pepe ya Linux ya s390x bure kwa siku 120. Unaingia kwa SSH, na SSH inakula bando kidogo sana, kwa hiyo hata bumu likichelewa unaweza kuendelea.

Na laptopu yako yenyewe inatosha kuanza, kama ina Docker. Amri ya kwanza inaipa laptopu uwezo wa kuigiza s390x, ya pili inauliza mpangilio wa baiti:

docker run --privileged --rm tonistiigi/binfmt --install s390x

docker run --rm --platform linux/s390x python:3-slim python -c "import sys; print(sys.byteorder)"

Itajibu "big". Ukibadilisha linux/s390x iwe linux/amd64, laptopu ya Intel itajibu "little". Kuigiza ni kwa polepole, vumilia. Baada ya hapo chukua programu yoyote uliyoandika kwa ajili ya projekti yako, itengeneze kwa s390x, uone kama inaamka. Wengi mtakwama kwenye maktaba moja ambayo haijawahi kutengenezwa kwa usanifu huo, na kuitafuta ni somo zuri kuliko mihadhara miwili.

Kwa upande wa vichwa vya kupanga, HyperShift kamili ni nzito mno kwa laptopu ya gigabaiti 8. Tumia Kamaji, mradi huria wenye wazo lile lile, juu ya klasta ndogo ya kind. Jenga mwenyeji, weka mpangaji mmoja, unganisha mkono mmoja, na juu yake washa tovuti ndogo yoyote. Halafu zima mwenyeji kwa makusudi, na fungua tovuti yako. Itafunguka. Sasa jaribu kuongeza nakala ya pili ya tovuti hiyo, na usome kwa makini ujumbe utakaorudishiwa.